Mji wa Karabai

Karakana yangu iko Mwanga, karibu na soko, na mtu yeyote wa Kigoma anayetaka bango lisomeke kutoka ng'ambo ya barabara anajua aende kwa nani. Sisemi hivi kujisifu. Au basi, najisifu, kwani nikinyamaza mimi nani atasema? Niliishia darasa la nne. Baba alifariki, nikaenda mwaloni, ufukoni pa wavuvi, kuosha mitumbwi ya watu. Leo nina karakana, nina boti majini, nina nyumba nzuri Kasingirima, na vijana wenye shahada wananipigia simu: "Shikamoo Mzee. Tuna semina wiki ijayo, tunaomba utuchoree kitu ambacho watu watakielewa."

Nikienda kwenye semina zao hukaa nyuma kabisa, kwa makusudi. Picha hupimwa kutoka nyuma. Kijana anawasha projekta, ukutani yanatokea maandishi yaliyobanana kama dagaa kwenye gunia, halafu anatugeuzia mgongo na kuanza kutusomea yale yale ambayo tumeshindwa kuyasoma. Mimi wakati huo siangalii ukuta. Naangalia watu. Huyu anakuna shingo, yule anachungulia simu, mama mmoja anahesabu vigae vya dari. Wazo linaweza kuwa zuri sana, la kuokoa watu, na likafia pale pale mbele ya macho yao kwa sababu hawakulipata mahali pa kulishika.

Ninajua, kwa kuwa nimeliona likitaka kufa, na nimelifufua kwa mikono yangu hii.

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya makopo ya rangi, nimetundika ubao mweusi uliojaa matundu. Wateja huuliza kama ulipigwa risasi wakati wa vita. Mmoja aliwahi kutaka kuununua awafanyie kuku banda. Nikamwambia huo ubao ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, akacheka, akadhani natania. Haukuchorwa kitu, alisema. Ndiyo, nikamjibu, na hapo ndipo ulipo ufundi wake.

Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa kijana, sina karakana wala mwavuli. Nilipaka boti rangi pale kwenye mwalo wa Kibirizi, juani, mchangani. Kila mwenye boti alitaka jina la boti yake lionekane, na mimi ndiye niliyejua kuliandika likawa nene, likafuata mkunjo wa ubao. Wengine walijaribu, lakini herufi zao zilionekana kama zina malaria. Mwenyekiti wa wavuvi alikuwa na boti ya kijani yenye samaki wa dhahabu ubavuni. Samaki yule ni mkono wangu, na watu walitoka hadi Ilagala kuja kumtazama.

Watu wa ng'ambo ya ziwa waliingia kila kukicha. Vita ya kule iliwasukuma majini, na ziwa likawatema kwetu. Walishuka na magodoro, cherehani, masufuria, mbuzi, wagonjwa. Mwanzoni tuliacha kazi tukasimama kutazama. Baadaye tulizoea, na huko kuzoea ndiko kunakoninyamazisha nikikumbuka. Mama anashuka majini hadi kiunoni, mtoto yuko mabegani, na wewe unamwambia, "Sogea kidogo mama, rangi bado mbichi."

Mama mmoja kati yao alibaki pale pale mwaloni. Alitakiwa aende kambini kama wenzake, lakini kila gari lilipokuja kuwachukua alikuwa hayupo, na likishaondoka unamkuta anageuza dagaa mchangani kwa mama mmoja wa Kiha aliyempa kazi na pa kulala. Sababu yake ilikuwa moja na wote tuliijua. Alivuka na mtoto wa mgongoni tu. Watoto wake wawili wakubwa walibaki ng'ambo na bibi yao, wakisubiri nafasi katika boti. Aliogopa wasije wakafika na yeye hayupo.

Siku moja nilikuwa napaka boti karibu na anapoanika, nikamuuliza safari yake ilikuwaje. Alinijibu bila kuinua kichwa, kwa Kiswahili chao cha kule.

"Tuliona Kigoma. Taa mingi, muzuri, kama siku kuu. Nahodha akasema tumefika, akazima mashine, sababu petroli ilibaki kidogo. Tukapiga kasia. Tulipokaribia, mji ukazima."

"Ukazima vipi?"

"Taa moja, halafu ingine, halafu ingine. Mji yote. Tukabaki na maji."

Niliacha brashi. Mtu asiye wa ziwa hili anaweza kufikiri mama alikuwa anaota, lakini mimi nilielewa mara moja. Sisi dagaa tunawavua kwa taa. Mwezi ukishakufa, siku zile tunazoziita giza, wavuvi wote wanaingia majini na karabai zao, kila chombo na taa zake, na dagaa wanapanda kuufuata mwanga. Ukitazama kutoka mbali unaona mstari wa taa kutoka huku hadi kule, mji mkubwa kuliko Kigoma yenyewe, ambayo miaka ile umeme wake ulikuwa wa kubahatisha. Na watu wa ng'ambo nao walisubiri giza hilo hilo ili askari wasiwaone wakiondoka. Kwa hiyo usiku wanaovuka wao ndio usiku tunaojenga sisi ule mji wa uongo. Wanauendea. Wanazima mashine. Na wavuvi wetu, wakisikia kasia zinakuja, wanadhani ni majambazi wa kupora mashine, maana nao walikuwepo, tena wengi. Wanazima taa na kukaa kimya. Mji unakufa, na wale watu wanabaki katikati ya ziwa bila mafuta, hawajui nchi kavu iko upande gani.

Mama yule na wenzake walikokotwa na boti ya mizigo kulipopambazuka. Wengine hawakupata wa kuwakokota.

Tulikuwa na ofisa wa uvuvi, tukimwita Bwana Samaki kama wanavyoitwa wote. Mtu wa Iringa, mlokole, mpole, aliyeletwa kwetu na serikali akaja akaliogopa ziwa hadi kunawa miguu alinawia kwenye beseni. Lakini wazo lilikuwa lake, na simnyang'anyi. Alitaka wavuvi waache mlango: sehemu moja, inayoelekeana na Kibirizi, asivue mtu, pabaki giza tupu. Nyuma ya giza hilo, juu ya kilima, ziwekwe taa mbili, moja juu ya nyingine kwenye mti mrefu. Manahodha wanaokwenda na kurudi wapeleke habari ng'ambo: usifuate taa nyingi, pita penye giza, fuata taa mbili zilizopandana. Na wavuvi wasizime taa zao, kwa sababu bila taa za pembeni mlango hauonekani.

Wazo zuri. Akawaita wavuvi mkutanoni, akalisema. Alisema kwa muda mrefu sana, na ndani yake akaingiza nyuzi za dira, upana wa eneo, uelekeo wa kusini-magharibi. Wavuvi walikuwa wametoka majini asubuhi ile, macho mekundu. Wengine walisinzia wakiwa wameegemea nyavu.

Aliyekuwa macho ni mzee mmoja wa Ujiji, mvuvi hodari, kofia ya kufuma upande, ulimi kama ndoana. Maji yale yaliyotakiwa kuachwa wazi ndiyo aliyovua yeye tangu ujana, na dagaa wa pale walikuwa hawaishi.

"Bwana Samaki," alisema, "wewe umewahi kuvua hata mende?"

Watu wakaamka wote.

"Mzee, naomba tusikilizane..."

"Nakusikiliza. Unataka niache maji yangu. Nikavue wapi, kwenye ndoo? Na taa nisizime, ili jambazi anione vizuri, ajichagulie na mashine ya kuchukua?"

Kicheko. Mkutano ukaisha hapo. Mama yule alikuwa amesimama nyuma na kapu lake, na nilimwona anarudi kwenye dagaa wake akitembea kama mtu aliyebeba maji yasimwagike.

Bwana Samaki alinijia jioni. "Fundi, mimi maneno yangu hawayaoni. Wewe wanakuheshimu. Nichoree."

Alikuja kwa mtu anayestahili. Nilichukua shuka jeupe, nikalitundika kati ya nguzo mbili, nikafanya kazi ambayo hata leo nikiifikiria nafurahi. Niliweka ziwa lote, buluu, na milima ya ng'ambo. Niliweka stesheni ya reli na bandari, meli imefunga gati, minazi na michikichi, kilima na zile taa mbili. Niliweka samaki wetu mgebuka, mkubwa, chini ya maji akitabasamu. Na niliweka boti za wavuvi wote, kila moja na rangi zake na jina lake, kwa sababu mimi ndiye niliyezipaka, na nani angenisamehe nikiiacha yake? Mlango wa giza niliuchora kama njia ya kijivu kati ya boti, na mshale.

Siku ya mkutano wa pili watu walilishangilia shuka lile kama bibi harusi.

"Aisee, fundi! Hii boti ni yangu kabisa!"

"Yangu mbona umeiweka nyuma ya huyu? Mashine yake inanizidi?"

"Mwenyekiti, samaki wako wa dhahabu ametoka vizuri kuliko wewe."

"Huyu mgebuka anacheka nini?"

"Anamcheka shemeji yako anavyotega nyavu."

Bwana Samaki alinyoosha fimbo kuonyesha njia ya kijivu, lakini fimbo yenyewe ilikuwa inawazibia boti zao, wakamwambia asogee. Mzee wa Ujiji alichungulia kwa karibu, akaridhika kwamba boti yake ilikuwa mbele, akasema, "Kazi nzuri, kijana. Na maji yangu umeyachora vizuri, samaki tele. Sasa nitayaachaje?" Mkutano ukavunjika kwa furaha. Mimi nilipata wateja papo hapo, wanaotaka boti zao zipakwe rangi upya. Wazo halikupata hata mmoja.

Watu walipoondoka, mama yule alibaki mbele ya shuka. Alilitazama sana. Nikadhani anataka kunisifu, nikajisogeza.

"Ile picha iko muzuri, fundi," alisema. "Lakini ni nani anaonaga vile?"

"Vipi?"

"Ile ni macho ya ndege. Sisi tulikuwa chini, ndani ya mtumbwi."

Halafu akaniambia lile lililokuwa linamsumbua. Mfanyabiashara wa mawese aliyetoka ng'ambo alimletea salamu za mama yake: wamepata nafasi. Bibi na watoto wote wawili watavuka giza linalokuja.

Nilitazama angani, mchana kweupe, nikitafuta mwezi. Ulikuwa bado haujaisha, lakini ulikuwa unakwenda.

Nitasema kitu ambacho wasomi wanaweza kukiandika wakitaka. Maneno yale ya macho ya ndege yaliniuma kuliko matusi yote ya mzee wa Ujiji, na yaliniuma kwa sababu mimi najijua kuwa fundi. Fundi wa kweli ukimwonyesha mahali kazi yake inapovuja hakasiriki, anaanza kuziba. Niliingia kwenye mtumbwi mtupu uliokuwa umefungwa ufukoni, nikalala, nikaweka kidevu kwenye ukingo, macho sawa na maji. Milima ikashuka. Bandari ikapotea nyuma ya ncha ya nchi. Boti zote, za mbali na za karibu, zilijipanga kwenye mstari mmoja mwembamba. Hakuna jina la boti lililosomeka. Hakuna buluu. Nikafikiria na mwanga wenyewe uondoke. Kinabaki nini? Vitone.

Basi nilikuwa nimewachorea wavuvi vile wanavyopenda kujiona, kumbe kilichotakiwa ni kuwaonyesha vile wanavyoonekana na mtu aliye mbali, aliyechoka, anayetaka kufika.

Nilitafuta ubao mpana wa plaiwudi, nikaupaka lami ile ile tunayozibia boti, pande zote mbili. Nikachukua misumari ya unene mbalimbali. Kila mvuvi nilijua anavua wapi, kwa hiyo nilitoboa tundu lake mahali pake, kubwa kwa wa karibu, dogo kwa wa mbali. Juu kidogo, katikati, nikatoboa mawili yaliyopandana, nikayaziba na kitambaa. Sikuchora milima. Sikuchora samaki, na niamini, mkono uliniwasha.

Nilimwita mama aje aone kwanza. Tuliingia kwenye stoo ya dagaa wakavu ya Mwenyekiti, nyumba isiyo na madirisha, harufu inakushika koo. Yule mama wa Kiha mwajiri wake alikuja naye, maana si vizuri mwanamke kuingia gizani na kijana, hata kama kijana ni fundi mashuhuri. Nikawakalisha chini, nikafunga mlango, nikaiweka karabai nyuma ya ubao.

Karabai ilikuwa inavuma peke yake. Halafu nikasikia ameweka kiganja mdomoni.

"Ni ile," alisema ndani ya kiganja. "Ni ile mji."

Mama wa Kiha akauliza, "Mji gani? Mimi naona matundu."

"Ni ile."

Hapo nilijua nimemaliza.

Mkutano wa tatu hawakutaka kuja. Walikuwa wamechoka na Bwana Samaki. Nikawaambia nina picha mpya, kila mmoja yumo. Wakaja mbio. Nikawaingiza stoo mchana, nikawakalisha sakafuni kwenye magunia matupu, hata Mwenyekiti, ambaye alitaka kiti.

"Kiti kitaharibu picha, Mwenyekiti."

"Picha gani inayoharibiwa na makalio yangu?"

"Kwa ukubwa wake, yoyote," alisema mzee wa Ujiji kutoka gizani, na wakacheka, na katikati ya kicheko hicho nikafunga mlango na kuisogeza karabai.

Taa zikawaka ubaoni. Kicheko kikapungua chenyewe. Nilikuwa nimemwomba Bwana Samaki asiseme neno lolote, na nasema tena mpaka leo, kunyamaza kwake siku ile kulikuwa kazi kubwa kama yangu.

"Hapa ni wapi?" niliuliza.

"Kigoma," mmoja akasema haraka.

"Kigoma ya wapi yenye taa zote hizo? Labda Bujumbura."

"Ni mji tu. Mji mkubwa."

"Naona kama Mwanga ile pale, penye taa nyingi," alisema Mwenyekiti.

"Nyinyi mko kwenye mtumbwi," nikasema. "Mmetoka ng'ambo. Petroli imebaki ya kunusa. Mnafanyaje?"

"Tunauendea mji."

Nikavuta turubai mbele ya ubao, polepole, kutoka upande mmoja. Taa moja ikazima, na nyingine, na nyingine. Nilipofika mwisho stoo ikawa nyeusi kabisa, na mimi nikakaa kimya. Mtu akikaa gizani na watu wengi, dakika moja ni ndefu. Walikohoa. Mmoja akasema, "Washa bwana." Sikuwasha. Mwingine akasema, "Wewe fundi, washa!" na sauti yake haikuwa ya mchezo.

Ndipo mama yule, ambaye alikuwa mlangoni, akasema taratibu:

"Sisi tulikaa hivyo mpaka asubuhi. Na watoto."

Nadhani kila mmoja wao alikuwa anatafuta kichwani ni usiku gani alisikia kasia zinakuja, akazima.

Nikaondoa turubai. Taa zikarudi. Nikatoa kitambaa, na zile mbili zilizopandana zikatokea juu, lakini unajua, hazikuonekana. Zilimezwa. Zilikuwa taa mbili kati ya taa nyingi.

"Zile mbili za juu ndizo Kibirizi," nikasema. "Nani ameziona?"

Walinyoosha vidole huku na huku, kila mtu kwake.

"Hizi nyingine ni nini basi?" akauliza mzee wa Ujiji.

"Ni nyinyi."

Zikazuka kelele, kama nilivyojua, maana ninawajua watu wangu.

"Mimi nipo wapi?"

"Yule wa pembeni kule ni mimi, maana navua karibu na miamba!"

"Na wewe kidogo hivyo? Kumbe karabai yako inakula mafuta bure!"

Mzee wa Ujiji hakuingia katika hayo. Alisimama, akaja mbele, akainama karibu na ubao mpaka mwanga wa matundu ukamwangukia usoni, vitone vitone. Alitafuta. Pale katikati, chini ya zile taa mbili, kila mtu alijua ni maji ya nani.

"Hili ni langu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Akaweka kidole gumba kwenye tundu. Akalifunika. Akageuka kuwatazama wenzake, kidole kikiwa pale pale.

"Sasa?"

Bado. Palikuwa na matundu mengine pembeni ya lake.

"Huyu hapa ni nani?" akauliza kwa ukali. "Njoo uzibe la kwako! Au mimi peke yangu ndiye nimezaliwa nitoe?"

Akaja mmoja, akacheka kwa aibu, akaziba. Akaja mwingine. Tundu la mwisho pale katikati lilikuwa la Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa amegundua ghafla uzuri wa kukaa chini.

"Mwenyekiti, njoo na hicho kidole chenye pete!"

Akaja. Akaziba. Na mlango ukafunguka. Huku taa, kule taa, katikati pengo jeusi, na juu ya pengo lile taa mbili, moja juu ya nyingine, wazi kabisa. Kutoka nyuma ya stoo, mtu mmoja akasema "Aah," kama mtu aliyepewa maji.

"Kibirizi iko wapi?" niliuliza.

Vidole vyote vikanyooka mahali pamoja. Hata mama wa Kiha alinyoosha chake.

Bado palikuwa na la majambazi. Mzee wa Ujiji ndiye aliyelimaliza mwenyewe, akiwa bado amebana tundu. "Ngoja," alisema. "Wasafiri wote wakipita mlangoni, basi atakayekuja kwenye taa zangu..."

"Ana lake jambo," nikasema.

"Ana lake jambo! Nitamjua kabla hajafika." Akamtazama Bwana Samaki. "Mbona hili hukulisema siku ile?"

Bwana Samaki alikuwa amelisema siku ile, tena mara mbili. Lakini kwa kuwa ni mlokole alisema tu, "Nilisahau, mzee."

Wakagawana maji upya, kwa matusi na mizaha, wa katikati akasogea huku, wa pembeni akajibana kumpa nafasi. Mti wa taa tulisimamisha kilimani, mimi nikichagua mahali. Mafuta ya karabai zile mbili yalitoka kwa wavuvi wenyewe, kibaba kibaba, na aliyeyapandisha kilimani kila jioni alikuwa mama yule, dumu kichwani, mtoto mgongoni. Habari ikapelekwa ng'ambo kwa manahodha. Wale wagumu kuelewa, mzee wa Ujiji aliwavuta hadi stoo, akawakalisha kwenye magunia, akawaonyesha ubao. Aliuonyesha kana kwamba aliutoboa yeye. Nilimwacha. Ubao wangu ulikuwa unafanya kazi bila mimi, na kwa mtu anayependa kujisifu hiyo ni heshima ngumu kumeza, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Giza likaja. Asubuhi ya kwanza, boti ziliingia, hawakuwemo. Asubuhi iliyofuata hawakuwemo. Mama alikuwa anageuza dagaa waliokwisha kukauka, anawageuza tena, mpaka mwajiri wake akamnyang'anya fimbo ya kugeuzia. Mimi nilipaka boti moja rangi mbili tofauti ubavu huu na huu bila kujua.

Walifika siku ambayo tulishaacha kuhesabu boti, jua likiwa limeshapanda. Boti iliyochoka, imejaa, nahodha amejifunga shuka kichwani. Bibi alikuwa mbele kabisa na watoto wawili wamemshika kitenge huku na huku. Mama aliingia majini na nguo zake zote. Sitaandika walivyokumbatiana, mtu yeyote aliye na mama anajua. Nitaandika alichosema bibi, kwa sababu mwalo mzima ulimsikia. Aliposhuka alisimama mchangani akatazama vibanda vyetu, boti zetu, mbuzi wetu, akageuka nyuma kuangalia ziwa, akarudi kututazama.

"Kigoma ni hii?" alisema. "Usiku ilikuwa mji kubwa! Mumeipeleka wapi?"

Mzee wa Ujiji alicheka hadi akakaa chini. "Mama, tumeikunja! Tunaianika usiku tu!"

Sitaki msomaji afikiri ubao uliokoa kila mtu. Ziwa ni pana, upepo hauangalii picha, na wako waliotoka ng'ambo wasionekane kwenye mlango wowote. Asubuhi nyingine mama mwingine alisimama pale pale mchangani hadi jua likazama. Nikiwa kwenye semina na vijana wananiuliza, "Mzee, siri ya picha nzuri ni nini?" huwa nawaambia, jiulizeni kwanza anayeitazama amekaa wapi na anaogopa nini, kisha ondoeni vyote mnavyovipenda. Wanaandika. Lakini huwa nawaza wale ambao hakuna picha iliyowafikia.

Mama na watu wake walipokubali hatimaye kwenda kambini, alikuja kuniaga. Nilikuwa nimeshauandaa ubao nimpe, nimeufuta vumbi, hata nimefikiria maneno ya kusema. Akaukataa.

"Ile ni ya kazi," alisema. "Miye nataka ile ingine. Ile shuka."

"Ile isiyofaa?"

"Ile iko na kila kitu. Batoto wakikua, waone."

Nilisimama kama mjinga. Shuka lile nilikuwa nafunikia makopo ya rangi. Nikalikung'uta, nikalitundika tena kati ya nguzo mbili, na ziwa likarudi, na stesheni, na minazi, na mgebuka anayecheka. Watoto wake wakaanza kutafuta vitu kwa kidole. Akaniomba jambo moja tu: niongeze boti iliyowaleta, ikiwa inapita kwenye njia ya kijivu.

Nilitafuta nafasi. Hapakuwa na nafasi, nilikuwa nimejaza shuka lote siku ile, kila inchi, ili asilalamike mtu. Ikabidi nichague wa kumfuta. Nikachukua brashi pana, nikafunika boti moja ya kijani na samaki wake wa dhahabu, na juu yake nikachora ile boti iliyochoka, bibi mbele, watoto wawili wameshika kitenge. Kule kwao kulipotulia, walirudi ng'ambo nalo.

Kwa hiyo Mwenyekiti, kama umesomewa haya, ile picha unayoringia hadi leo, unayowaambia wajukuu kwamba umechorwa humo na iko nje ya nchi: iko nje kweli. Ila wewe hupo ndani yake.